Kipofu au Jicho

Kwa wale ambao gazeti la wiki jana walilikuta limeshafungiwa karanga, hali yangu ni hii. Mimi ni Getnet, fundi simu wa soko la Merkato, umri miaka thelathini na minne, sina mke. Nampenda Aynalem, fundi cherehani, binti wa Ato Zewdu. Yeye ananipenda. Baba yake hanipendi hata kwa bahati mbaya.

Nikatuma wazee watatu kwenda kuposa, kama inavyotakiwa, nami nikawafuata nyuma. Mkubwa wao alikuwa mjomba wangu, ambaye kwa heshima namwita Gashe Demisse. Na hapa Addis hata mtoto anajua kwamba mzee wa posa akikaribishwa kiti, haketi. Anasema, "Hatuketi mpaka utupe neno," kisha anasimama hapo mpaka mwenye nyumba aone haya.

Mjomba ana kilo mia moja na kumi na nne, na magoti ya kuazima. Dakika ya ishirini yakamsaliti. Akaketi.

Tukasikia kitu kinalia kraa chini yake. Alikuwa amekalia kishikwambi cha Ato Zewdu.

Sasa, kingekuwa kishikwambi cha mtu mwingine, tungeomba radhi yakaisha. Lakini Ato Zewdu ni katibu wa iddir ya mtaa, chama chetu cha kuzikana. Ndani ya kile kidude mna orodha ya nyumba mia mbili na kumi na mbili: nani analeta hema akifa mtu, nani analeta masufuria, nani anachimba, nani analia vizuri. Hakuna nakala mahali pengine.

Ato Zewdu akakitazama kioo kilivyopasuka. Akashika shavu, maana ana jino linalomuuma tangu nimfahamu, madaktari watatu wamelitafuta hawajaliona. Akasema, "Jumapili baada ya misa kuna mkutano wa mwaka. Nikikiwasha na orodha ikasomeka, leteni wazee wenu tena. Isiposomeka, Aynalem ataolewa na mtu anayejua kazi yake."

Hapo ndipo nilipowaachia. Leo naendelea, na leo nakiri.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani mjomba alikuwa anachechemea mbele yangu.

"Mimi nilikuwa nacho kama kile kile," akasema. "Kikaibwa matangani, wiki ya sikukuu ya Meskel, miaka mingi sasa. Lakini nilikiandika jina mgongoni, na laana chini yake. Popote alipo huyo mtu, hana raha."

"Gashe, umenivunjia ndoa, halafu unanipa habari za laana."

"Ndoa haijavunjika. Kilichovunjika ni kioo. Kwani wewe si fundi?"

Akanishika pabaya. Nakiri kwamba ni mimi niliyemwambia Ato Zewdu nimeshabadilisha vioo vya vishikwambi vile mpaka nimechoka. Ukweli nilikuwa nimebadilisha kimoja, na hicho kimoja hakikuwaka tena.

Ila jambo moja nilikuwa nalijua. Kile kidogo cha inchi saba kilitoka mara mbili. Cha kwanza ni cha mwaka 2012, cha pili 2013, na kwa mbele ni mapacha. Ukitaka kuvitofautisha, geuza. Cha kwanza mgongoni hakina kamera, sisi Merkato tunakiita Kipofu. Cha pili kina kamera nyuma, tunakiita Jicho. Kioo cha Kipofu hakiingii kwa Jicho, na cha Jicho hakiingii kwa Kipofu, hata ukibembeleza.

Kwa hiyo kazi ilikuwa rahisi. Kugeuza tu.

Kesho yake nikaenda kwa Ato Zewdu. Akakitoa kwenye kabati kwa mikono miwili, kimevikwa nguo ya sufi ya kijani iliyoshonwa pande zote, imeacha kioo tu.

"Baba, naomba nifumue kidogo nione mgongo."

"Hakifumuliwi."

"Dakika moja tu."

"Nguo hii aliishona marehemu mke wangu. Mkono wake ule pale. Unataka kumfumua mke wangu?"

Nikatazama sakafu. Aynalem alikuwa mlangoni na sindano mdomoni, akanikonyeza nisiendelee.

"Basi niambie, ulikinunua mwaka gani?"

Ato Zewdu akashika shavu. "Kilinijia mwaka 2005."

Mngekuwa ninyi mngesikia hilo neno, kilinijia. Mtu hasemi kishikwambi kilimjia, kwani ni mafua? Lakini mimi akili yangu ilikuwa imeshakimbilia kwenye hesabu.

Maana mwaka wetu uko nyuma ya ule wa Wazungu, na kiwandani wanahesabu kwa wa Wazungu. Kuugeuza unaongeza nane. Tano na nane, kumi na tatu. 2013. Jicho hilo, sihitaji kufumua sufi ya marehemu.

"Nimeshajua, baba," nikasema.

"Bila kukiona?"

"Ufundi, baba."

Siku zote nikisema neno hilo, kuna balaa njiani.

Vioo vya zamani Merkato anavyo Etete Zenebech peke yake. Ni mama mnene, ana duka pana kama kabati, na humo ndani hukosi kitu ila heshima.

"Etete, nipe kioo cha kile kidogo cha inchi saba."

"Kipofu au Jicho?"

"Jicho."

"Mgongo wake umeuona?"

"Sina haja. Amekipata 2005. Tano na nane, kumi na tatu."

"Mwezi gani?"

"Etete, mimi ni fundi mwaka wa kumi na moja huu."

"Sikuuliza umri wa ujinga wako. Nimeuliza mwezi."

Mafundi wa jirani wakacheka. Mimi nikaona nadharauliwa. Nikasema nipe Jicho, nina haraka, nina posa.

Akanipa. "Nimebaki na kimoja kimoja. Na unajua sheria yangu, kioo kikitoka hapa hakirudi."

"Hakitarudi," nikasema, na nikaondoka nimeinua kidevu.

Jumamosi nikaenda na vifaa vyangu. Ato Zewdu akasema kishikwambi hakitoki nyumbani kwake, nitengeneze pale pale sebuleni naye akinitazama. Akavuta kiti mpaka goti lake likagusa langu. Nikaomba mashine ya kukaushia nywele, Aynalem akaileta, nikapasha kingo za kioo ili gundi ilainike.

"Getnet, unajua unachofanya?" akanong'ona.

"Najua."

"Mbona unatoka jasho puani?"

"Ni mashine hii, ina joto."

Kioo kilichopasuka kikabanduka vizuri, kwa mbele, bila kuigusa sufi. Hata Ato Zewdu akaguna kwa kuridhika. Nikachukua kioo kipya, nikakiweka mahali pake.

Kilikuwa kirefu. Nikakizungusha. Bado kirefu, tena chembamba, kimepungua kulia kimezidi juu. Nikakigeuza nyuma mbele kana kwamba kioo kina ndani na nje.

"Kimekataa?" akauliza Ato Zewdu.

"Hakijazoea, baba."

"Kioo hakijazoea nini?"

Aynalem akainama akajifanya anaokota uzi. Mabega yalikuwa yanatikisika. Mimi nilitamani kulia, maana nilimwona mwanamke ninayempenda akinicheka na baba yake akihesabu siku. Nikauliza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuzama, "Baba, huo mwaka 2005, ulikuwa mwezi gani?"

"Si ilikuwa Meskel? Tulikuwa tumetoka kwenye moto wa sikukuu, kukawa na matanga mtaa wa juu. Wiki hiyo hiyo."

Meskel iko Meskerem, mwezi wa kwanza wa mwaka wetu. Na kila mtu aliyekwenda shule anajua kwamba tangu Mwaka Mpya wetu mpaka Wazungu wapate wao, huongezi nane. Unaongeza saba. Nane ni baada ya hapo.

Tano na saba, kumi na mbili. Kipofu.

Matanga, wiki ya Meskel. Ninyi mnaosoma pengine mmeshashtuka. Mimi nilikuwa nahesabu vidole, sikushtuka.

Nikarudi Merkato mbio. Etete Zenebech aliponiona tu akakunja mikono.

"Ilikuwa mwezi gani?"

"Meskerem."

"Sema tena, sijasikia."

"Meskerem, Etete. Nakuomba kile cha Kipofu. Kesho nakosa mke."

"Sheria ni sheria. Hakirudi."

"Nifanye nini? Niambie chochote."

Akafikiri. Kisha akasukuma kreti tupu la soda katikati ya njia. "Panda. Tutajie miezi yote ya mwaka kwa sauti. Na kila mwezi useme ni saba au nane. Ukimaliza bila kukosea, nakubadilishia."

Nikapanda. Mafundi wakatoka vibandani. Wanunuzi wakasimama na mizigo kichwani. Nikaanza: "Meskerem, saba. Tikimt, saba. Hidar, saba." Kufika Tahsas nikasita, maana Tahsas nusu iko huku nusu iko kule, na wakaanza kunizomea. Nikasema, "Tahsas, saba, halafu nane." Wakapiga makofi. Nikateremka nayo yote mpaka Pagume, kile kimwezi cha siku tano, nikasema nane, na mwanamume mmoja aliyebeba godoro akasema, "Huyu sasa anafaa kwenda chekechea."

Etete akanipa kioo cha Kipofu. "Mwanangu," akasema, sasa kwa upole, "mgongo ndio unaosema kweli. Anayekuficha mgongo ana jambo."

Nikadhani ni maneno ya wanawake wazee. Nikashukuru, nikaenda zangu.

Jumapili tulitoka misa saa tatu. Wazee wangu watatu wakaingia kwa Ato Zewdu wamevaa shuka nyeupe. Wakakaribishwa viti. Wakakataa. Mjomba akasimama karibu na mlango, mbali kabisa na kochi, na nilimwona amefunga magoti kwa vitambaa chini ya suruali. Moyo wangu ukamwonea huruma.

"Hatuketi mpaka utupe neno," akasema mjomba.

"Neno nililitoa," akasema Ato Zewdu. "Kiwake kwanza. Watu wanakuja saa tano."

Nikakaa kwenye kigoda, mezani, nimewapa wazee mgongo. Aynalem akakaa kushoto kwangu na mkasi wake wa kushonea. Ato Zewdu kulia, goti kwa goti. Nikakiweka kioo cha Kipofu. Kikaingia kama kilizaliwa hapo.

"Sasa washa," akasema Ato Zewdu.

Hapa nakiri tena. Tangu Jumamosi nilijua kwamba utepe wa waya wa kile kioo unafungwa kwa nyuma. Kwa mbele huwezi kuufikia. Nilijua, nikanyamaza, nikatumaini Mungu atafanya njia.

"Baba, kuna kautepe kadogo. Lazima nifungue nyuma."

"Nilishasema hakifumuliwi."

"Bila hivyo hakiwaki."

"Basi kisiwake."

Hata Aynalem akashangaa. "Baba, watu mia mbili wanakuja. Utawasomea nini?"

"Nitakumbuka kichwani."

"Juzi umesahau jina la shangazi."

"Shangazi yako ana majina mengi."

"Mama alikuwa mtu wa kazi, baba. Angetaka kiwake. Nitakishona tena mwenyewe, uzi ule ule, hutaona tofauti."

"Aynalem, nakuambia usiguse hiyo nguo."

Lakini fundi cherehani mkasi wake hausubiri. Kabla hajamaliza kusema, uzi ulikuwa umekatwa pande tatu. Sufi ikaanguka mezani. Nikakigeuza kishikwambi.

Hakikuwa na kamera. Kipofu, bila shaka yoyote. Nikataka kutabasamu.

Kisha nikaona maandishi. Rangi nyekundu ya kucha, herufi kubwa, mkono ninaoujua tangu nikiwa mdogo, maana ndio uliokuwa ukiniandikia barua za kuombea ruhusa shuleni:

MALI YA DEMISSE WOLDE. ATAKAYEKIFICHA JINO LIMUUME MPAKA AKIRUDISHE.

Nikafunika kwa kiganja.

Aynalem alikuwa ameshasoma. Alinitazama, akamtazama baba yake, akamtazama mjomba pale mlangoni, akarudi kwangu. Rangi ilikuwa imemtoka.

Ato Zewdu hakunitazama. Alikuwa ameshika shavu kwa mikono miwili. "Nilitangaza," akanong'ona. "Kilibaki chini ya benchi pale matangani. Nilitangaza mara tatu, Mungu ananiona."

"Ulitangaza wapi, baba?" nikanong'ona na mimi.

"Jikoni."

"Jikoni kulikuwa na nani?"

"Mke wangu."

Nikabandua mgongo kiganja kikiwa juu ya maandishi, nikafunga utepe, nikaurudisha. Kikawaka. Orodha ikatokea, nyumba zote mia mbili na kumi na mbili, hema, masufuria, wachimbaji, waliaji. Wazee wawili nyuma yangu wakasema Mungu asifiwe. Kiganja changu bado kilikuwa mgongoni.

"Demisse," akasema Ato Zewdu kwa sauti kubwa, "keti, ndugu yangu. Nimekubali. Mtoto ni wenu."

Hivyo tu. Kahawa haijaiva hata kikombe cha kwanza. Wale wazee wawili wakaketi haraka haraka asije akabadili mawazo. Aynalem akanishika kiwiko chini ya meza, akakibana mpaka kikauma. Nimelingojea neno lile miaka minne, nikalipata nimeshika mali ya wizi.

Nikageuka kidogo. Mjomba alikuwa bado amesimama.

"Keti, Gashe," nikasema. "Tumekubaliwa."

"Nimesikia," akasema mjomba. "Zewdu, wiki jana uliniita kifaru. Leo ni ndugu yako?"

"Mtu hubadilika," akasema Ato Zewdu.

"Kwa dakika moja?" Mjomba akasogea hatua mbele. Magoti yakalia. "Getnet, kimetokea nini hicho? Kipofu au Jicho?"

"Kipofu, Gashe."

"Kama changu."

"Viko vingi, Gashe. Addis nzima imejaa Vipofu."

"Vimejaa. Hebu kigeuze nione, huenda ni ndugu wa kile changu."

Nikafikiria. Nikikigeuza, baba wa Aynalem ni mwizi wa matangani mbele ya wazee, na saa tano mtaa mzima utajua, na katibu wa iddir mwizi hana wa kumzika. Nisipokigeuza, nitakula karamu ya harusi yangu nikimtazama mjomba aliyenilea, naye akiniuliza kila Meskel kama nimesikia habari za kishikwambi chake.

"Kahawa inaiva, Gashe. Pumzisha magoti."

"Nishuke nacho?" akaniuliza Ato Zewdu kwa mdomo usio na sauti, akionyesha kidole chini ya meza.

"Baba, tulia," akasema Aynalem.

Mjomba akafika mezani. Kumuona kwa karibu, miguu ilikuwa inatetemeka kama ya mtu aliyebeba gunia, na jasho linamtiririka, na kochi lilikuwa nyuma yake kabisa, tupu, laini. Alihitaji tu kuinama. Nilimwomba Mungu yale magoti yamsaliti mara moja tena, na hilo nalikiri, nalo ni baya kuliko yote.

Akanyoosha mkono.

"Wiki jana niliketi kabla ya wakati, nikakuharibia," akasema mjomba. "Leo siketi mpaka niuone huo mgongo."